Mhusika Akisema, Mwandishi Hushitakiwa: Riwaya na Siasa Nchini Serbia

Kila Januari mjini Belgrade majaji wachache hukaa, hubishana, kisha hutangaza riwaya moja kuwa bora kuliko zote za mwaka uliopita. Tuzo inaitwa NIN, kwa jina la gazeti la kila wiki lililoianzisha mwaka 1954. Tangazo hilo haliishii kwenye kurasa za utamaduni. Huwa habari ya nchi nzima, na hata aliyeweka riwaya chini siku alipomaliza shule atakwambia kwamba safari hii majaji wamechemsha.

Mshindi wa kwanza kabisa aliitwa Dobrica Ćosić, kwa riwaya yake *Koreni*, yaani Mizizi. Miaka 38 baadaye, Juni 1992, mtu huyohuyo alichaguliwa na bunge kuwa rais wa kwanza wa Shirikisho la Jamhuri ya Yugoslavia, nchi iliyobaki na Serbia na Montenegro peke yake baada ya Slovenia, Kroatia, Bosnia na Makedonia kujitoa. Wakati anaapishwa, Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilikuwa tayari imezingirwa na mizinga.

Ukisimulia hayo, watu hukimbilia fundisho la haraka: ndiyo maana waandishi wakae mbali na siasa. Mimi sikubaliani nalo. Kwanza, haliwezekani. Pili, linawasahau waandishi wa Serbia walioingia kwenye siasa miguu yote miwili na wakatoka na heshima yao. Tatizo nililoliona kwa kuwasoma watu hawa (kwa tafsiri, sina ujanja mwingine) liko mahali pengine. Liko kwenye neno dogo, "sisi", na kwenye kinachompata mhusika wa riwaya pale mwandishi wake anapoanza kulitumia hadharani.

Turudi nyuma kidogo. Kwa Waserbia mtunzi alitangulia dola. Kabla hawajawa na wizara wala chuo kikuu, walikuwa na nyimbo ndefu za mashujaa zilizoimbwa kwa gusle, zeze la uzi mmoja, na karne ya 19 Vuk Karadžić akazikusanya, akatengeneza kamusi na tahajia. Huko Montenegro, Njegoš alikuwa askofu, mtawala na mshairi kwa wakati mmoja. Likaja zama la Tito, mtawala wa Yugoslavia baada ya vita, chama kimoja, na historia ambayo kurasa zake kadhaa zilibandikwa gundi: nani alimuua nani katika Vita Kuu ya Pili, wangapi, kijiji gani. Gazeti halikuweza kuyaandika hayo. Mwanahistoria alijua mipaka yake. Riwaya iliweza, kwa kuwa ingeweza kujitetea kwamba ni hadithi tu. Ikawa ndiyo baraza, watu wanakwenda kusikia huko kile ambacho redio haisemi. Jengo la Chama cha Waandishi, barabara ya Francuska namba 7, likapata umaarufu miaka ya 1980 kwa jioni za kupinga kufungwa kwa washairi na wakosoaji. Chini kuna mgahawa. Inasemekana siasa nyingi zilipikwa huko kuliko nyama.

Katika baraza hilo Ćosić alikuwa mzee wa kikao. Mtoto wa kijiji, mpiganaji wa Tito msituni na kamisaa wa siasa, alipata jina mwaka 1951 kwa riwaya ya vita vya msituni, *Daleko je sunce*. Tito alimpenda kiasi cha kumchukua kwenye meli yake, Galeb, katika safari ya siku 72 ya mwaka 1961 iliyopita Ghana, Togo, Liberia, Guinea, Mali na kurudi kupitia kaskazini ya Afrika, miezi michache kabla ya Belgrade kuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Miaka saba baada ya safari ile walikuwa wamekosana. Mwaka 1968 Ćosić alisimama mbele ya Kamati Kuu ya chama kulalamikia hali ya Waserbia wa Kosovo, na tangu hapo akawa mpinzani, lakini mpinzani wa aina yake: hakufungwa, na kila kitabu chake kiligombaniwa.

Kikubwa kati ya hivyo ni *Vreme smrti*, Wakati wa Kifo, juzuu nne kuhusu mateso ya Serbia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1983 jumba la maigizo la Jugoslovensko dramsko pozorište lilitoa mchezo kutoka sehemu yake moja, vita vya mto Kolubara vya 1914, na watazamaji wakainuka na kupiga makofi kana kwamba vita vile vimeshindwa jana usiku. Miaka mitatu baadaye gazeti moja la Belgrade lilivujisha rasimu ya Waraka wa Akademi ya Sayansi na Sanaa ya Serbia, ile hati iliyosema taifa la Waserbia limeonewa ndani ya Yugoslavia. Ćosić hakuwemo kwenye kamati iliyouandika. Wengi walisikia sauti yake humo hata hivyo.

Sasa hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Katika *Deobe*, riwaya iliyompa NIN yake ya pili mwaka 1961, kuna mhusika anayesema kwamba Waserbia husema uwongo ili kujidanganya na kufarijiana, na kwamba uwongo kwao ni aina ya uzalendo. Maneno ya mhusika, tena katika riwaya inayohusu watu waliopotea njia vitani. Lakini yametolewa mle, yakapelekwa kila mahali chini ya jina la Ćosić. Wakroatia na Wabosnia wameyanukuu kama kukiri kosa. Waserbia wenyewe wameyanukuu, wengine kwa kicheko, wengine kwa uchungu. Si haki, na mwanafunzi wa fasihi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mhusika si mwandishi. Ila nani aliyefuta mstari uliowatenganisha? Mtu aliyetumia miaka 20 akizungumza kwa niaba ya taifa zima hawezi kushangaa watu wakidhani kila kinachotoka kinywani mwa watu wake wa kubuni ni tamko rasmi.

Urais wake haukufika mwaka. Mwishoni mwa Mei 1993 wabunge wa Slobodan Milošević, rais wa Serbia, wakishirikiana na wale wa Vojislav Šešelj, kiongozi wa chama cha Radikali, walimwondoa kwa kura. Walimhitaji awe picha ukutani, na picha ilipoanza kutoa maoni ikashushwa. Mwaka 2000, akikaribia miaka 80, alijiunga na Otpor, vuguvugu la vijana waliokuwa wakimng'oa Milošević. Halafu kuna kisa cha Oktoba 2011, ambacho kwangu kinamweleza kuliko wasifu wowote: watu fulani walitengeneza tovuti inayofanana na ya Tuzo ya Nobel, wakatangaza kwamba mshindi wa fasihi mwaka huo ni Dobrica Ćosić. Vyombo vya habari vya Serbia vikaipokea na kuisambaza. Muda mfupi baadaye Stockholm ikamtaja mshairi wa Kiswidi, Tomas Tranströmer. Waliotunga mzaha ule walisema walitaka kuonyesha hatari ya mwandishi aliyejitwika siasa. Mimi naona walionyesha zaidi jinsi nchi ilivyokuwa tayari kuamini.

Vuk Drašković ni kisa cha pili, chenye moto zaidi. Huyu alikuwa mwandishi wa shirika la habari la Tanjug, na kwa muda alikaa Lusaka akiripoti Afrika, miaka ile Zambia ilipokuwa ngome ya wapigania uhuru wa kusini. Mwaka 1982 alitoa *Nož*, Kisu, riwaya inayoanza na mauaji ya familia ya Waserbia siku ya Krismasi mwaka 1942, mikononi mwa majirani zao Waislamu. Mtoto mchanga ananusurika, analelewa kama Mwislamu, na ukubwani anagundua asili yake. Ukiimaliza, mhusika yule anakataa kulipa kisasi. Tatizo ni kwamba wengi hawakufika mwisho. Walibaki kwenye kurasa za mwanzo, na kurasa zile zilifanya kazi yake. Alipoanzisha chama mwaka 1990, ndevu na nywele ndefu, kelele za mkutano wa hadhara, watu walimwita mfalme wa viwanja. Tarehe 9 Machi 1991 aliongoza maandamano makubwa ya Belgrade dhidi ya Milošević na televisheni yake. Vifaru viliingia mjini na watu wawili wakafa.

Kwa haki yake, Drašković aligeuka dhidi ya vita mapema kuliko wengi wa kambi yake, na alilipa. Alipigwa na polisi mwaka 1993 pamoja na mkewe. Oktoba 1999 lori lililojaa mchanga liliyumbishwa makusudi kwenye msafara wake katika barabara ya Ibar. Yeye alipona, wenzake wanne hawakupona, na mahakama baadaye iliwatia hatiani watu wa usalama wa taifa. Kati ya 2004 na 2007 alikuwa waziri wa mambo ya nje. Maisha ya riwaya kabisa, na labda ndiyo maana riwaya zake mwenyewe hazisomwi tena kama riwaya.

Radovan Karadžić simweki kwenye kundi hili, ingawa kuna wanaopenda kumweka. Alikuwa daktari wa akili na mshairi wa kawaida, mzaliwa wa Montenegro aliyewaongoza Waserbia wa Bosnia kwenye mauaji yaliyomfikisha kifungo cha maisha. Nataja jambo moja tu. Mwaka 2004, akiwa anatafutwa na dunia nzima, riwaya yake ilichapishwa na kuuzwa Belgrade kama kitabu chochote. Muswada ulimpata mchapishaji. Polisi hawakumpata mwandishi hadi Julai 2008, akiwa kwenye basi, na ndevu nyeupe na jina la bandia.

Mwandishi Danilo Kiš ndiye aliyeliona mapema tatizo hili la "sisi". Alizaliwa Subotica mwaka 1935, baba yake Myahudi wa Hungaria aliyepelekwa Auschwitz asirudi. Mwaka 1976 alitoa *Grobnica za Borisa Davidoviča*, visa vya wanamapinduzi waliomezwa na mapinduzi yao wenyewe, vilivyoandikwa kwa kuchanganya nyaraka za kweli na za kubuni. Wakubwa wa fasihi wa Belgrade wakamshitaki kwa wizi wa maandishi. Chunguza shitaka hilo utaona ni ndugu wa lile lililompata Ćosić: pande zote mbili riwaya inachukuliwa kama hati, ya yule isomwe kama kiapo, ya huyu ikaguliwe kama risiti. Kiš alijibu kwa kitabu kizima, *Čas anatomije*, Somo la Anatomia, cha mwaka 1978, akiwapasua wapinzani wake kiungo kwa kiungo. Humo kuna kurasa chache kuhusu uzalendo wa kikabila ambazo zilisomwa upya kila mahali vita vilipoanza: kwamba ni woga uliovaa nguo za ushujaa, kwamba mwenye ugonjwa huo hahitaji kujua lolote kuhusu jirani ila kwamba si yeye. Akahamia Paris. Alifariki Oktoba 1989, umri miaka 54. Belgrade ikamzika kwa heshima zote, kama ilivyo desturi ya miji mingi kwa wale iliowafukuza.

Kiš hakuwa mtu wa kando. Alikuwa ndani ya mabishano ya umma kuliko wengi. Alikataa tu kuwa msemaji. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta, na sura yake iliyo wazi kabisa naiona kwa mwanamke ambaye wapenzi wengi wa fasihi ya nchi ile hawamjui.

Biljana Jovanović alizaliwa Belgrade mwaka 1953, binti wa mpiganaji maarufu wa Tito. Riwaya yake ya kwanza, *Pada Avala*, Avala Unaanguka, ilitoka 1978. Avala ni mlima ulio nje kidogo ya Belgrade, wenye kaburi la Askari Asiyejulikana, mahali pa kupeleka watoto wa shule. Katika kitabu hicho msichana mpiga filimbi anatukana, anapenda, anapanda basi, anaudhi watu, na taifa haliokolewi na yeyote. Vijana walikipenda. Vita vilipoanza na Kroatia mwaka 1991, Biljana alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha harakati za kupinga vita mjini humo. Kuanzia Oktoba ile, yeye na wenzake wachache walikwenda jioni mbele ya ofisi ya rais, ndani kuna Milošević, nje wao na mishumaa. Walisoma majina ya waliokufa. Wote, bila kuuliza marehemu alikuwa wa upande gani. Jina, kimya, jina. Wapita njia waliwatukana, wengine waliinamisha vichwa na kupita. Baridi ikaingia, wakaendelea hadi mwaka uliofuata. Hakuna "sisi" katika orodha ya majina. Kila aliyekufa anasimama peke yake, kama mhusika. Biljana alifariki 1996, hajafikisha miaka 45.

Sasa Ivo Andrić, kwa kuwa huwezi kuandika juu ya Serbia na kumkwepa. Alizaliwa Bosnia mwaka 1892 katika familia ya Wakatoliki wa Kikroatia, akaandika Belgrade, akajihesabu mwandishi wa Serbia, akapata Nobel ya 1961 kama Myugoslavia. Nchi tatu leo zinamvuta shati. Sisi tulioshuhudia Oktoba 2021, saa chache baada ya Abdulrazak Gurnah kutangazwa, mabishano kama ni wa Zanzibar, wa Tanzania au wa Uingereza, tunaujua mchezo huo. Andrić alikuwa balozi wa Yugoslavia mjini Berlin kuanzia 1939, alimkabidhi Hitler hati zake za utambulisho. Wajerumani walipoivamia nchi yake alirudi Belgrade, akapanga chumba kwa wakili mmoja barabara ya Prizrenska, akakataa kuchapisha chochote wakati wa ukaliaji. Mwaka 1945 akatoka na riwaya tatu kwa mpigo. Mojawapo ni ile ya daraja la mto Drina, mjini Višegrad huko Bosnia, lililojengwa karne ya 16 kwa amri ya Mehmed-paša Sokolović, mtoto wa Kiserbia aliyechukuliwa na Waturuki akawa waziri wao mkuu.

Kimya chake hakikumsaidia. Ana hadithi fupi kuhusu barua ya mwaka 1920, ambamo daktari kijana, akiihama Bosnia, anaiita nchi ya chuki. Barua ni ya mhusika. Anayeiandika anakimbia, na mwisho wa hadithi anauawa kwenye nchi nyingine kabisa, Hispania, kwa kuwa chuki haina makao mamoja. Wanasiasa wa miaka ya 1990 wakakata kipande cha mwanzo na kukionyesha kama ushahidi kwamba watu wa Bosnia hawawezi kuishi pamoja. Upande wa pili nao: mwaka 1991 mtu mmoja alipanda kwenye sanamu ya Andrić pale Višegrad akaivunja kwa nyundo, akiamini mwandishi alikuwa adui wa Waislamu. Mwaka uliofuata, kwenye daraja lenyewe, wanamgambo wa Kiserbia waliwaua Waislamu wa mji huo na kuwatupa mtoni. Ushahidi ulisikilizwa kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague. Leo, si mbali na hapo, kuna mji mdogo wa mawe, Andrićgrad, uliojengwa na mwongoza filamu Emir Kusturica na kufunguliwa 28 Juni 2014. Una sinema, mikahawa, kanisa na sanamu mpya ya Andrić. Mtu aliyeandika kurasa mia tatu na zaidi kuhusu daraja amejengewa ngome.

Na leo hii? Baada ya Milošević kuanguka mwaka 2000, serikali mpya iliwapa waandishi ubalozi. Svetislav Basara akaenda Kupro, Dragan Velikić akaenda Vienna. Vladimir Pištalo, aliyeandika riwaya kuhusu Nikola Tesla, alirudi kutoka Marekani na mwaka 2021 akapewa kuiongoza Maktaba ya Taifa. Basara, mshindi wa NIN mara mbili, ana wasomaji wengi wa safu zake za gazetini kuliko wa riwaya, na amegombana na karibu kila mtu, marehemu wakiwemo. Marko Vidojković, wa kizazi kilichokulia kwenye maandamano ya baridi ya 1996 na 1997, huisema serikali kwenye kipindi chake cha mtandaoni na ametishiwa kuuawa mara nyingi. Barbi Marković, mzaliwa wa Belgrade, anaandika Kijerumani akiwa Vienna, na mwaka 2024 alipata tuzo ya Maonyesho ya Vitabu ya Leipzig. Vladimir Arsenijević, aliyepata NIN mwaka 1994 kwa riwaya ya vijana wanaokwepa kupelekwa vitani Vukovar, Kroatia, alianzisha tamasha la fasihi la Krokodil, na mwaka 2017 alikuwa kati ya walioandaa tamko kwamba Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro ni lugha moja yenye majina manne. Tamko hilo liliwatia wazimu watu wa nchi zote nne. Kwa sisi ambao lugha yetu inavuka mipaka kadhaa na kubaki Kiswahili, hasira ile ni ngumu kuielewa hadi ukumbuke nani alipata kazi kwa kuigawa lugha ile.

Nafasi ya mwandishi imepungua, na sababu si uchovu wa wasomaji peke yake. Watawala wa sasa hawamhitaji. Wana magazeti ya udaku, televisheni za usiku kucha, na hadithi ya taifa lililoonewa inatungwa upya kila asubuhi kwa herufi kubwa, bila juzuu nne. Wapo wanaolia kwamba riwaya imepoteza nguvu yake. Mimi nasema mhusika amepata likizo. Sasa mtu wa kwenye kitabu anaweza kusema upuuzi bila kuitisha kikao cha akademi.

Tarehe 1 Novemba 2024 paa la zege la stesheni ya treni ya Novi Sad, stesheni iliyokuwa imetoka kukarabatiwa, lilianguka. Watu 16 walikufa, wawili kati yao baadaye hospitalini. Wanafunzi wakagoma, wakafunga vyuo. Walikataa kuwa na kiongozi: kila jambo lilijadiliwa kwenye mkutano wa wazi wa kitivo na kupigiwa kura ya mkono. Mara kwa mara, saa 5:52 asubuhi, muda ule paa lilipoanguka, walisimama katikati ya barabara kimya, dakika moja kwa kila aliyekufa. Hakuna aliyetakiwa kuwasemea. Mwandishi aliyetaka kuwa nao alisimama pale kando ya fundi bomba na muuza duka, akaangalia saa, akanyamaza kama wengine.